Kurudisha giaboksi ya otomatiki bila kuvunja pampu

Giaboksi iliyotengenezwa vizuri mezani inaweza kuvunjika pampu yake ya oili kabla gari halijasogea hata mita moja. Kinachoivunja ni bolti zilizokazwa wakati toki konvata, lile dude la duara lenye oili linalopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haijakaa mahali pake. Kwa hiyo kanuni inayotangulia nyingine zote ni hii: giaboksi na injini zikutane kwa nguvu ya mikono mpaka nyuso zake zigusane, ndipo bolti ziingie. Bolti za kuzunguka giaboksi kazi yake ni kushikilia. Ukizitumia kuvuta, kuna kitu kitavunjika.

Maelezo haya yanahusu giaboksi za otomatiki zenye toki konvata, za magari yanayovuta mbele na yanayovuta nyuma. Nguvu ya kukazia na kiasi cha oili hutofautiana kati ya gari na gari. Tarakimu zilizomo humu ni za kukupa picha, na kitabu cha ufundi cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho.

Wakati injini iko wazi kwa nyuma

Giaboksi ikiwa chini, unaona sehemu za injini ambazo hutaziona tena bila kurudia kazi nzima. Anza na sili ya nyuma ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Hata kama haijaanza kuvuja, ibadilishe. Sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja mwezi ujao giaboksi itashuka tena.

Kisha kagua flaiwili. Ya gari la otomatiki ni bati jembamba la chuma lenye meno ya stata pembeni. Isafishe, kisha itazame kwa tochi kuzunguka matundu ya katikati, kwani nyufa huanzia hapo. Tazama pia matundu ya bolti za konvata: tundu lililokuwa duara na sasa limekuwa yai linaonyesha kwamba bolti zililegea na kucheza. Flaiwili yenye ufa hutoa mlio wa kugonga unaofanana kabisa na beringi za krenki zilizokufa, na watu wameshafungua injini nzima kwa sababu ya mlio huo. Bolti za flaiwili kwenye magari mengi ni za kutumika mara moja. Weka mpya, na zile zinazopenya hadi upande wenye oili zipake gundi ya nyuzi.

Hesabu pini za mwongozo kwenye uso wa bloku. Kwa kawaida ni mbili, moja kila upande, na wakati mwingine moja hubaki kwenye giaboksi ya zamani iliyotupwa. Pini hizi ndizo zinazoweka giaboksi na krenki kwenye mstari mmoja. Bila pini, bolti zitakaza vizuri tu na gari litatembea, lakini konvata itazunguka ikiwa imepinda kwa sehemu ndogo ya milimita. Matokeo yake ni bushi ya pampu kulika, sili ya mbele kuvuja na mwishowe flaiwili kupasuka. Ukikuta pini moja haipo, itafute kabla ya kuendelea.

Tundu la katikati ya krenki, ambamo pua ya konvata huingia, lisuguliwe kutu kwa msasa mwembamba na kupakwa grisi kidogo sana. Kutu hapo huizuia konvata kusogea mbele inapovutwa kwenye flaiwili.

Jambo la mwisho kabla ya kugusa giaboksi ni kipoza oili na paipu zake. Kama giaboksi iliyotoka iliungua au ilikula vyuma, uchafu wake umejaa humo, na ukianza tu kuendesha utarudi kwenye giaboksi mpya. Safisha kwa kimiminika cha kusafishia kipoza, kwanza kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa oili, kisha kwa mwelekeo wake, halafu pitisha ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) safi mpaka itoke safi. Kupuliza kwa upepo pekee hakutoshi, maana vyuma vidogo hubaki vimenasa kwenye mapezi ya ndani. Kama kipoza kimo ndani ya rejeta na oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na waridi, maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Hapo rejeta ibadilishwe bila mjadala. Maji yale hulegeza gundi iliyoshikilia karatasi za klachi, na giaboksi mpya haitadumu.

Na konvata yenyewe? Ikiwa giaboksi ilikufa kwa kuungua au kwa chuma kusagika, usirudishe konvata ile ile. Imechomelewa pande zote, kwa hiyo haiwezi kusafishwa kwa kuisukasuka na oili. Chukua mpya au iliyofunguliwa na kutengenezwa upya, na uhakikishe idadi ya masikio ya bolti, urefu wa shingo na meno ya ndani vinalingana na ya zamani.

Kuikalisha konvata

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kama umbo la giaboksi linaruhusu, isimamishe mdomo wake mpana wa mbele ukitazama juu. Pitisha kucha kwenye shingo ya konvata. Mkwaruzo unaonasa kucha utakata sili. Paka ATF kwenye shingo na kwenye mdomo wa sili mpya ya pampu, kisha mimina karibu lita 1 ya ATF ndani ya konvata. Ukijaza zaidi itamwagika utakapoilaza, na ukiiweka kavu pampu itazunguka bila oili mpaka ivute ya kutosha.

Konvata hushika vitu vitatu, kimoja kikiwa ndani ya kingine: meno ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi, meno ya bomba lililosimama kuizunguka shafti hiyo, na masikio au bapa za gia ya pampu. Ishushe ikiwa imenyooka, uizungushe polepole huku na huku, ukiiacha uzito wake uifanyie kazi. Utaisikia na kuihisi ikidondoka hatua moja, halafu nyingine, halafu ya mwisho. Hatua ya mwisho ndiyo ya pampu, na ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu inaweza kuwa ya sentimita 1 tu na konvata iliyoshika viwili vya kwanza huonekana imekaa kabisa. Ukiikaza hivyo, shingo itaisukuma gia ya pampu kwa nyuma na kuivunja, au masikio yake yatakatika stata itakapopigwa.

Kwa hiyo usiamini macho, pima. Laza rula iliyonyooka juu ya mdomo wa giaboksi, halafu kwa kalipa pima kutoka kwenye rula hadi pale bolti za konvata zinapokaa. Vitabu vingi vya ufundi vinataja kipimo hiki. Kama huna kitabu, kuna hesabu nyepesi: pima pia kwenye injini flaiwili imechomoza kiasi gani kutoka kwenye uso wa bloku. Kina cha konvata kikiwa milimita 18 na flaiwili ikiwa imechomoza milimita 14, kutakuwa na nafasi ya milimita 4 zikikutana. Kama kuna bati la kutenganisha injini na giaboksi, ongeza unene wake. Nafasi ya milimita 3 hadi 5 ni ya kawaida kwa giaboksi nyingi. Ukipata sifuri au chini yake, konvata haijaingia. Rudi uizungushe tena.

Ikishakaa, funga kipande cha bati au mbao kwa bolti moja kwenye mdomo wa giaboksi ili kiizuie isiteleze mbele. Giaboksi ikiinama kidogo tu wakati wa kunyanyuliwa, konvata husogea na kutoka kwenye pampu, na hapo vipimo vyote ulivyofanya havina maana tena.

Kuinyanyua na kuikutanisha

Giaboksi ya gari dogo ina uzito wa kilo 60 hadi 100 hivi, na za magari makubwa huzidi hapo. Si mzigo wa kubebwa kifuani na mtu aliyelala chini ya gari. Tumia jeki ya giaboksi yenye mikanda ya kuifunga, na gari lenyewe likae juu ya stendi za chuma pande zote, kamwe lisitegemee jeki peke yake. Waya hasi wa betri uwe umetolewa.

Injini nayo inahitaji kushikiliwa. Kwenye gari linalovuta mbele, itundike kwa boriti ya kulala juu ya matao ya magurudumu. Kwenye linalovuta nyuma, injini huinamisha mkia wake. Ishikilie kwa jeki yenye ubao chini ya sampu (bakuli la oili la chini), na uangalie feni isiguse rejeta wala paipu zisivutike. Pembe hii ni msaada mkubwa: ukishusha mkia wa injini kidogo, bolti za juu zinafikika kwa ekstensheni ndefu.

Funga waya zote na mpira wa pumzi wa giaboksi pembeni kwa kamba kabla ya kuanza. Waya ulionaswa kati ya bloku na giaboksi ni kosa la mara kwa mara, na unaweza kugundulika tu baada ya kila kitu kufungwa. Plagi za juu, ambazo mkono hautafika giaboksi ikiwa mahali pake, zichomeke wakati bado imebaki nafasi.

Mbinu moja inayostahili dakika zake kumi: tafuta bolti mbili ndefu zenye nyuzi sawa na za bloku, zikate vichwa, na uzifunge kwa mkono kwenye matundu mawili yanayotazamana. Zinakuwa reli. Giaboksi inateleza juu yake ikiwa imenyooka, na mikono yako inabaki huru kurekebisha jeki. Baadaye zitoe na uweke bolti za kweli.

Toa kile kizuizi cha konvata sasa, si mapema. Gusa konvata kwa vidole kuhakikisha haijasogea. Linganisha alama ya rangi ya konvata na ya flaiwili kama uliziweka wakati wa kufungua, kisha ipeleke mbele. Angalia mwanya kati ya nyuso mbili: uwe sawa juu, chini na pembeni. Kama juu umefumba na chini uko wazi, rekebisha pembe ya jeki. Itikise taratibu na kuisukuma kwa mikono. Pini zikishika, milimita za mwisho huingia kwa msukumo mmoja.

Ikigoma ikiwa imebaki sentimita moja, usitafute bolti ndefu ya kuivutia. Irudishe nyuma. Sababu ni chache: konvata imeteleza mbele, kuna waya au bomba limenaswa, pini haijalingana na tundu lake, au masikio ya konvata yanagonga vichwa vya bolti za flaiwili.

Nyuso zikishagusana kote, ingiza bolti mbili zinazotazamana na uzikaze kwa vidole tu. Kisha ingiza mkono kwenye dirisha la chini na uizungushe konvata. Lazima izunguke huru na iwe na ule mwanya uliopimwa kati yake na flaiwili, mwanya unaofumba ikivutwa mbele kwa mkono. Kama imebanwa, fungua. Ikiwa huru, weka bolti zote, ukikumbuka kwamba urefu wake haufanani, na uzikaze kwa kupishana. Za M10 (unene wa milimita 10) mara nyingi hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 35 hadi 50, na za M12 kwa Nm 60 hadi 80. Baada ya kukaza, izungushe konvata kwa mara nyingine.

Bolti za konvata na vilivyobaki

Vuta konvata iguse flaiwili na uanzishe bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Injini izungushwe kwa bolti ya puli ya mbele, kwa mwelekeo wake wa kawaida wa kuzunguka. Baadhi ya magari ya Toyota yana bolti moja nyeusi ambayo huingia kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoiweka konvata katikati. Tumia bolti zile zile za asili au zenye urefu huo huo. Bolti ndefu kwa milimita chache inaweza kubonyeza uso wa konvata kwa ndani, mahali inaposhika klachi ya kufungia, ile inayoiunganisha konvata moja kwa moja na injini, na gari litatetemeka kila klachi hiyo inapofunga.

Krosimemba (boriti ya chini inayobeba giaboksi) na mauntingi (vishikizo vyake vya mpira) zirudi sasa, na jeki zitoke. Mauntingi iliyopasuka mpira usiirudishe. Shafti za magurudumu ya mbele ziingie na kiringi kipya cha kufungia, zikiwa zimenyooka ili meno yasikate sili. Sukuma mpaka usikie zikishika, halafu vuta kwa mkono kuthibitisha. Kwenye gari linalovuta nyuma, propela irudi kwenye alama zake, la sivyo gari litatetemeka kwa mwendo.

Waya wa ardhi kati ya injini na bodi usisahaulike. Umeme wa stata ni mwingi na utatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa kebo ya gia, ambayo itaungua. Kila plagi ya sensa ichunguzwe pini zake kabla ya kuchomekwa, kwani pini moja iliyopinda inatosha kuifunga giaboksi kwenye gia moja.

Kebo ya gia irekebishwe mkono wa giaboksi ukiwa N na wa ndani ya gari ukiwa N pia. Gari liwake kwenye P na N tu, na taa ya nyuma iwake kwenye R. Giaboksi za zamani zina kebo nyingine inayotoka kwenye mkono wa mafuta wa injini. Hii wengi huidharau, nayo ndiyo inayoamua presha ya oili ndani. Ikilegea, presha huwa ndogo, klachi huteleza na kuungua bila kelele yoyote. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za aina hiyo, mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho, kizuizi kilicho kwenye kebo kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka mwisho wa mpira wake.

Oili

Aina ya oili si jambo la kukisia. Giaboksi inayotaka ATF ya aina ya Toyota WS isiwekewe ya aina ya Dexron III, na giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua bali mkanda, isiwekewe ATF ya kawaida hata kidogo, kwa sababu mkanda wake unahitaji msuguano tofauti.

Giaboksi iliyotolewa yote pamoja na konvata inakuwa kavu, na huchukua takribani lita 6 hadi 10, wakati kumwaga kwa bolti ya chini hutoa lita 3 au 4 tu. Ukiweka lita 4 na kuridhika, utaua pampu. Anza na lita 4 hadi 5, washa gari, na papo hapo ongeza lita 1 au 2 huku injini ikiunguruma taratibu. Magurudumu yanayovuta yakiwa hewani na gari likiwa salama kwenye stendi, kanyaga breki, pitisha gia kutoka P hadi L, ukisubiri sekunde 5 kwenye kila moja, kisha urudi P.

Hapo pima mtiririko wa kipoza: toa paipu ya kurudishia, ielekeze kwenye chupa yenye alama za lita, mwenzako awashe. Lita 1 hivi ndani ya sekunde 20 hadi 30 ni dalili ya njia iliyo wazi. Kama oili inadondoka tu, kipoza kimeziba. Magari yenye thermostati kwenye paipu hizo yapimwe yakiwa moto. Rudishia oili uliyoitoa.

Kipimo cha mwisho hufuata joto. Magari mengi hupimwa injini ikiwaka, gia ikiwa P, oili ikiwa ya moto, nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, kati ya sekunde 60 na 90 baada ya kuzima. Zisizo na kijiti cha kupimia oili hupimwa kwa bolti ya kufurika, na za Toyota zinazotumia WS mara nyingi huhitaji oili iwe karibu nyuzi 35 hadi 45, gari likiwa limelala sawa. Oili ikizidi, gia huipiga ikawa povu. Ikipungua, pampu hunyonya hewa. Dalili za pande zote mbili ni zile zile, gia kuteleza na kuchelewa kushika.

Kusikiliza na kuendesha

Gari lisiposogea kwa gia yoyote, zima mara moja. Angalia kebo ya gia, kisha kiwango cha oili. Vyote viwili vikiwa sawa, huenda pampu imevunjika. Mlio wa kulia unaopanda na mzunguko wa injini ni oili kuwa chini, filta isiyokaa vizuri au oringi yake kusahaulika. Mlio wa kugonga unaokwenda na injini mara nyingi ni bati la vumbi linaloguswa na bolti ya konvata. Likitoka kwenye mstari, linyooshwe. Oili inayodondoka kutoka mbele chini ya mdomo wa giaboksi ni sili ya pampu au oili ya injini. Itazame rangi kwa kitambaa cheupe: ATF nyingi ni nyekundu. Gari linaloanza kwa gia ya tatu na kubaki hapo mara nyingi lina plagi iliyoachwa au pini iliyopinda.

Kompyuta ya gari la kisasa bado inakumbuka klachi zilizochakaa. Futa kumbukumbu za giaboksi kwa mashine ya kupimia, kisha fanya zoezi la kujifunza upya kama kitabu kinavyoagiza. Kubadilisha gia kwa kishindo kabla ya zoezi hilo si ubovu. Endesha taratibu kilomita 20 hadi 30 kwenye njia yenye vituo na mwendo mchanganyiko, bila kukanyaga mafuta mpaka mwisho na bila kuvuta mzigo, kisha tazama tena chini kwa uvujaji na upime oili.

Kama giaboksi iliyotangulia iliungua, badilisha oili na filta baada ya kilomita 1,000 hadi 1,500 na utazame sumaku iliyo ndani ya sampu. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida, unatokana na klachi mpya zinazojizoesha. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, au oili inayometa ikiwekwa juani, vinamaanisha kuna chuma kinacholika ndani, na giaboksi ifunguliwe kabla uchafu haujajaa tena kwenye kipoza.